Taya Lililolambwa

Lilianza kama kichekesho: ulimi wa Mwalimu uligoma kubanduka.

Watu wa chama cha visukuku walikuwa na kipimo chao, na ukiwaambia ni uchafu wanakuona mshamba. Ukiokota kitu ardhini, hujui ni jiwe au ni mfupa wa kale uliogeuka jiwe, unakilamba. Basi. Jiwe halina habari na wewe. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo, unayanywa mate yako na kukunata ulimini. Ndivyo walivyofanya kila Jumapili wakitoka machimboni, watu wazima na akili zao, wakipokezana mawe midomoni kama watoto na pipi.

Mama Chiriku aliwavumilia kwa sababu mmoja wao alikuwa mumewe. Mumewe alikuwa fundi meno, mtengenezaji wa meno ya bandia, na karakana yake ya uani ndiyo iliyogeuzwa ofisi ya chama. Yeye mwenyewe alishona nguo chumba cha mbele. Binti yao alikuwa amefika umri wa kung'oka meno ya utoto, na jina la Chiriku alilipata kwa ajili ya mdomo wake: aliamka akisema, akala akisema, na bafuni ulimsikia akibishana na sabuni. "Huyu akinyamaza, ujue kuna jambo," mama yake alizoea kusema, na alisema kwa majivuno.

Siku hiyo walileta taya. Lilikuwa taya la chini, zima, rangi ya chai ya mkandaa isiyo na maziwa, lenye umbo la taya la mtu ila lilirefuka kupita kiasi, na matundu ya meno yote yalikuwa matupu. Mwalimu, mwenyekiti wa chama, mstaafu aliyekuwa hajastaafu kufundisha watu, ndiye aliyelilamba kwanza. Likanata. Wakashangilia. Akavuta, likanata. Wakacheka. Akavuta kwa nguvu, nalo likabanduka na kigozi na tone la damu, na lile tone likanywewa na mfupa pale pale, pakawa pakavu.

"Kisukuku halisi!" Mwalimu akasema huku akijipangusa kwa leso. "Hili ndilo litakalotupa sifa kwenye maonyesho ya visukuku."

Muuguzi akalamba naye, yule dada wa zahanati anayewakemea wagonjwa kwa kutonawa mikono. Fundi Meno akalamba.

"Karibu na wewe, shemeji," Mwalimu alimtania Mama Chiriku alipoingia na birika la chai.

"Mimi? Ulimi wangu una kazi nyingine, Mwalimu. Kuwasema nyinyi." Akatua birika. "Mmelitoa wapi?"

"Machimboni, upande wa udongo laini," mumewe akajibu. "Lilikuwa kifudifudi, limewekewa jiwe bapa juu."

"Limewekewa. Na nani?"

"Shemeji," Mwalimu akasema kwa ile sauti ya darasani, "kipimo kimeshasema."

Kipimo kilisema ni mfupa. Hakikusema ni wa nani, wala kwa nini mtu alijisumbua kuukandamiza kwa jiwe. Mama Chiriku alikuwa anatafuta neno la kumchoma nalo mzee yule aliposikia kicheko usawa wa meza.

"Na mimi limeninata!" Chiriku alisema, ulimi nje.

Alimburuta hadi bombani, akamsukutua kwa maji ya chumvi mpaka mtoto akalia. Nyuma yake wale watatu walikuwa wanacheka.

Maonyesho yalikuwa yanakaribia, na Mwalimu hakutaka kuonyesha kibogoyo. Ndiyo desturi yao: kisukuku kikiwa na pengo, wanaliziba kwa plasta ili wageni waone umbo zima. Na nani wa kuziba pengo la meno kama si Fundi Meno? Akachonga meno ya plasta, akayapachika, akaenda zake dukani kununua gundi.

Mama Chiriku alikuwa anapinda gauni aliposikia mtu anamung'unya maneno kule karakana. Hakushtuka. Nyumba ya fundi meno haikosi vibogoyo. Alidhani ni mteja, bibi kizee fulani asiye na jino hata la dawa, na akaona amalize upindo kisha ampelekee maji. Kilichomsumbua ni harufu. Ilinukia udongo ulioloa, kama mvua ya kwanza imepiga vumbi, na kiangazi kilikuwa kimekausha mpaka majani ya uani. Alipofika mlangoni, kufuli lilikuwa limefungwa kwa nje.

Alilifungua. Hapakuwa na mtu. Taya lilikuwa mezani juu ya kitambaa chake, na meno ya plasta yalikuwa sakafuni, yametemwa, kila moja limelowa mate.

"Gundi mbaya," mumewe alisema aliporudi. Lakini hakumtazama mkewe machoni.

Asubuhi ya pili Mwalimu alibisha hodi akiwa ameficha mdomo kwa kiganja. Jino la mbele limepotea, alisema. Halikumuuma, halikutoa damu. Ameamka tu halipo, wala kitandani hakulikuta. Uzee huo, atengenezewe lingine. Fundi Meno akamkalisha kitini ampime, na Mama Chiriku, aliyekuwa anaokota mapande ya plasta, akainua macho mezani. Ndani ya taya, mbele kabisa, palikuwa na jino lenye kiraka cha fedha.

Alingoja mzee aondoke.

"Baba Chiriku," alinong'ona, "lile jino ni la nani?"

"Usipige kelele."

"Sijapiga. Nakuuliza. Kile kiraka ni kazi ya mkono wako, nakijua. Ni la Mwalimu."

"Nimeliona." Akalifunika taya kwa kitambaa. "Nimejaribu kulitoa. Limeota, mke wangu. Limeota humo ndani."

"Lirudishe mlikolitoa!"

"Mwalimu hatakubali, maonyesho ni Jumamosi. Na wenzangu nitawaambia nini?"

Likaja la Muuguzi. Likaja la Fundi Meno mwenyewe, gego, akabaki akijishika shavu lisilouma. Na kila jino lilipoota, ile sauti ilitakata. Jioni ya kwanza ilikuwa mng'unyo mtupu. Jioni iliyofuata ulisikia herufi. Halafu Mama Chiriku, akiwa na pini mdomoni na kitambaa mapajani, jua likiwa bado ukutani na majirani wanaanua nguo, akasikia neno kamili kutoka karakana, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

"Mmenionja."

Akazitema pini. Ndipo alipogundua kwamba nyumba iko kimya. Chiriku alikuwa amekaa kizingitini tangu atoke shule, hajasema kitu.

"Mwanangu, vipi? Mbona umenuna?"

Mtoto alitikisa kichwa. Alipofungua mdomo, maneno yalitoka yamelegea, kana kwamba anayatafuta. "Jino... langu. Limetoka."

"Hee, lile lililokuwa linacheza? Liko wapi tulitupe?"

"Amechukua."

"Nani?"

Chiriku alinyoosha kidole uani. "Yule... anayejifunza kusema. Anasema... akishajua vizuri... mimi ninyamaze."

Mama Chiriku alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, akatoka bila viatu, hakusimama mpaka kwa Mama Mkaa. Huyu alikuwa muuza mkaa wa mtaani, mwanamke wa makamo mwenye mdomo mchafu kuliko mikono yake, na watu walimwendea kwa mkaa mchana na kwa mengine kwa kificho. Mama Mkaa alimtazama mtoto kinywani, akajifuta mikono, akafunga kibanda.

Alipofika karakana hakuvuka kizingiti. Mwalimu na Muuguzi walikuwa wameitwa, na Fundi Meno alijiegemeza ukutani.

"Nani kalikaribisha?" Mama Mkaa akauliza.

"Hakuna aliyelikaribisha," Mwalimu alisema. Pengo lilimfanya apige mluzi kwenye maneno. "Hiki ni kisukuku. Tumekipima."

"Mmekipimaje?"

Wakatazamana. Muuguzi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Tumelilamba."

Mama Mkaa aliguna. "Mtu kaliinamisha kinywa chini na kulikandamiza kwa jiwe, nyinyi mkaligeuza mkalipa mate yenu. Hata mbwa hunusa kwanza! Sasa lina haki na vinywa vyenu. Likishajaza meno litasema, na likishasema litahitaji pa kukaa. Haliwezi kukaa kwenye mfupa. Litakaa kwa mdogo kuliko wote, maana huyo bado anaota meno."

"Maonyesho ni Jumamosi," Mwalimu akaanza.

"Mwalimu!" Mama Chiriku alimkata, na hakukumbuka tena kuwa ni mzee. "Una pengo la kupitisha kidole, mtoto wangu anamalizwa, na bado unafundisha? Nyamaza!"

Mwalimu akakichukua kitambaa cha mezani.

Wakalichukua taya kwa kitambaa mpaka machimboni, jua likianza kulegea. Jiwe bapa lilikuwa pale pale walipolisukuma. Mama Mkaa akamimina chumvi kuzunguka shimo, akamtia Mama Chiriku koleo la mumewe mkononi.

"Yang'oe. Kati yenu, wewe peke yako mate yako halijayanywa."

"Sijawahi kushika koleo maishani mwangu."

"Leo utashika."

Alipiga magoti akaling'oa la Mwalimu, nalo lilitoka na mlio wa mzizi, na papo hapo Chiriku, aliyekuwa ameshikwa na baba yake, alifungua kinywa na sauti ikatoka humo, si sauti ya mtoto wala ya bibi kizee, sauti iliyokuwa inajua kila neno, ikasema mmenionja, mmenionja, sasa ni zamu yangu, na Mama Chiriku akang'oa la Muuguzi huku harufu ya udongo ulioloa ikimkaba, na sauti ikamwita kwa jina lake la utoto ambalo hata mumewe hakulijua, ikamwambia koleo litamteleza, mkono utamchoka, jua litazama kabla hajamaliza, naye akang'oa gego la mumewe akilia kwa sauti na kulitukana lile taya matusi ambayo hakujua kuwa anayajua, mpaka likabaki lile dogo, jeupe, la mwanawe, na alipolibana akalisikia likifanya kach, na koleo likarudi na kipande.

"Limetoka lote?" Mama Mkaa akauliza. "Limetoka lote? Semeni, jua linazama!"

Mama Chiriku hakuona kitu kwa machozi. Akamgeukia mumewe, maana mumewe ndiye fundi. "Baba Chiriku, angalia. Limetoka lote?"

Fundi Meno aliinama, akachungulia ndani ya tundu. Alikawia kidogo. Mikononi mwake mtoto alikuwa anapinda mgongo na kukoroma.

"Limetoka," akasema.

Wakaligeuza kifudifudi. Wakalikandamiza kwa jiwe. Chiriku akalegea, akafumbua macho, akauliza kwa nini mama hana viatu, na kwa nini Mwalimu analia, na je, kesho ataenda shule, na kwa nini yule mama ana mikono myeusi, akauliza mpaka nyumbani, na Mama Chiriku akamjibu yote akicheka na kulia kwa pamoja.

Maonyesho yalifanyika kwa konokono wa mawe na majani ya mawe. Mwalimu alitengenezewa jino la bandia, bure. Chama hakikulamba kitu tena. Na nyumba ikarudia kelele zake, na Mama Chiriku, ambaye zamani alimwambia mtoto apumzishe mdomo, sasa alishona akimsikiliza kama redio, na kila asubuhi alimwinua kidevu kwenye mwanga atazame pengo. Jino jipya lilichomoza jeupe, limenyooka, zuri kuliko yote. Alimwonyesha kila mteja.

Siku moja alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, Chiriku kajikalia mkekani anasimulia habari ndefu ya mwenzake wa darasani aliyemwaga wino. Katikati ya sentensi akanyamaza.

Mama Chiriku aliinua kichwa. Mtoto alikuwa anasukuma ulimi mbele, kwenye jino jipya, anauvuta, anausukuma tena. Ulikuwa unabanduka kwa shida.

"Mama," alisema, "linanata."

Mlangoni kitu kilianguka. Fundi Meno alikuwa amesimama pale, trei ya meno ya bandia miguuni pake.

"Kipande kilibaki," alisema. Alikuwa hata hajaulizwa. "Nilikiona. Jua lilikuwa linazama, mke wangu, na mtoto alikuwa ananifia mikononi."

Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya mvua, na nje jua lilikuwa linawaka. Chiriku alisimama kutoka mkekani, akaja mpaka kwenye cherehani, akamshika mama yake mashavu kwa viganja viwili na kumsogezea mdomo, kama anavyofanya kila asubuhi akitaka busu.

"Baba alilamba. Mwalimu alilamba. Muuguzi alilamba," alisema, na hakukosea hata herufi. "Bado wewe tu."