Tangi Lililotangulia

"Chai imekwisha kutengwa. Mtu asiinywe kabla haijapoa."

Simu ikakatika.

Mwanasha aliitumbukiza Samsung yake katika mkoba wa mwongoza watalii, kazi aliyojisingizia, mahali ilipolala pia bastola yake ya Glock chini ya vipeperushi. Sauti ya mkuu wake, Bwana Henry, haikuhitaji tafsiri. Mzigo ungepakiwa leo. Asikamatwe mtu kabla haujaonekana.

Treni ilikuwa ikipanda kwa taabu kuelekea Chisanje, stesheni ya mwisho ya tawi lile, mbele ya Haneti. Injini yake ilikuwa ya mvuke, kongwe iliyokwisha kusahauliwa, hata alipotokea mgeni aitwaye Kessler akaifufua kwa ajili ya watalii. Hii ilikuwa safari ya uzinduzi. Mabehewa yalijaa wanafunzi wa chuo na waalikwa. Dodoma, jukwaa la stesheni lilikuwa limepambwa kuwalaki watakaporejea, na viongozi walikwisha kualikwa.

Idara ya usalama, iliyomtuma Mwanasha, ilikuwa imenasa maneno machache tu ya Kessler. Yalitosha. Baruti ingeingia Dodoma kwa injini hiyo, na ingelipuliwa jukwaani katikati ya ngoma na vigelegele. Barabarani kila lori hupekuliwa. Tangi la makaa, lile linalofuata nyuma ya injini, halipekuliwi na mtu.

Dereva alikuwa Mzee Obedi, mstaafu wa Nkuhungu, mmoja wa wachache waliobaki wenye kuujua mvuke. Kessler mwenyewe ndiye aliyemwajiri. Mwanasha alimwomba awe macho yake. Mzee alikubali kabla hajaelezwa hatari, na jambo hilo lilikuwa likimtafuna Mwanasha tangu alfajiri.

Waliposimama kunywesha injini maji, alimwendea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kujipaka masizi?"

Denis, kijana mchochea makaa, akacheka. "Mwache, Mzee. Labda anaitaka kazi yangu."

"Mtani wetu huyu wa Busi achochee moto?" alisema Mzee. " Makaa yenyewe angeyapepeta kwanza kama ulezi."

Mwanasha alitabasamu, kisha akauliza lililomleta. "Mkifika mwisho wa reli mtaigeuzaje?"

"Nyuma ya kilima kuna pembetatu ya reli. Tunayaacha mabehewa stesheni, tunakwenda peke yetu. Tunapanda ubavu wa kwanza mpaka mkiani. Denis anashuka, anageuza njia, tunarudi nyuma kwa ubavu wa pili. Anageuza tena, tunatoka kwa ubavu wa tatu, bomba la moshi mbele, uso umeelekea Dodoma."

"Kwa hiyo mtakuwa peke yenu, hakuna anayewaona."

"Ndipo hapo unapopataka wewe," alisema Mzee kwa sauti ya chini.

"Na msipoigeuza? Haivuti?"

"Inavuta sana. Chuma hakijali. Sisi ndio tunaojali." Aliyafuta macho yake kwa kitambaa cheusi kwa mafuta. "Katika tawi hili injini haiji nyumbani kinyumenyume ila inapomleta maiti wa watu wa reli. Wake zetu walipoliona tangi limetangulia, walianza kulia kabla ya kuuliza ni mume wa nani."

"Kessler anajua?"

"Hakuuliza."

Chisanje kulikuwa na jua kali na upepo mkavu. Injini ilikatwa kutoka kwenye mabehewa, ikapiga honi, ikapotea nyuma ya kilima. Wanafunzi walipiga picha za moshi. Kessler alisimama jukwaani na simu ya setilaiti aina ya Thuraya mkononi, akiongea na wageni wake kwa bashasha.

Mwanasha aliinua darubini yake ya Zeiss.

Moshi ulisimama mahali pamoja. Ukaendelea kusimama.

Kisha honi ikalia, na injini ikachomoza.

Tangi lilikuwa limetangulia.

"Innalillahi," alinong'ona.

Jukwaani hakuna aliyeshtuka. Kessler alipiga makofi. Kwake yeye injini ilikuwa injini, irudi kwa uso au kwa mgongo, na aliyokuwa akiisubiri ilikuwa imefika.

Mwanasha aliishika redio yake ya Motorola. "Injini imerudi kinyume. Kuna aliyekufa."

"Umeuona mzigo?" aliuliza Henry.

"Dereva ameuona. Amenionyesha."

"Basi iache iunganishwe. Kikosi kitaizuia kabla ya Dodoma."

"Mabehewa yana watu, bwana."

"Hiyo ni amri."

Aliizima redio.

Alishuka jukwaani, akatembea juu ya mataruma mpaka kati ya injini na mabehewa, akainua mikono yote miwili. Breki zililia. Injini ikasimama karibu naye, ikihema kama mnyama mgonjwa.

Dirishani palikuwa na uso wa Mzee Obedi. Nyuma yake, mtu wa Kessler mwenye koti la kijivu alikuwa amemkandamizia bastola ubavuni. Mwanasha hakuwa na pa kupitishia risasi isipokuwa kifuani pa Mzee.

"Mzee," aliita taratibu, "Denis yuko wapi?"

"Chini ya makaa, binti. Amelazwa pamoja na baruti." Sauti yake haikutetemeka. "Alikataa kuwageuzia njia. Waondoe hawa watoto."

Mtu wa koti la kijivu alimpiga kwa kitako cha bastola. Mzee aliyumba, na katika kuyumba kwake mkono wake ukaukamata mkono wa chuma wa kugeuzia mwendo. Akausukuma mpaka mwisho. Akafungulia mvuke wote.

Magurudumu yaliteleza, yakashika reli, na injini ikaondoka kurudi kilimani.

Risasi ililia ndani yake. Injini haikusimama.

Mwanasha aligeuka. Kessler alikuwa ameiinua Thuraya, kidole juu ya kitufe.

"Iweke chini," alisema Mwanasha, Glock ikiwa mkononi.

"Ndani yumo mzee wako," Kessler alisema kwa Kiswahili safi. "Ukinipiga risasi, nabonyeza. Hutathubutu."

Alithubutu. Kessler alianguka akiwa ameushika mkono wake, simu ikaruka hadi relini. Lakini kidole kilikuwa kimekwisha kubonyeza.

Nyuma ya kilima, ardhi iliguna.

Vioo vya mabehewa vilipasuka. Kokoto zilinyesha juu ya mabati. Kisha vikasikika vilio vya hofu vya abiria, wote wakiwa hai.

Mwanasha alimfunga Kessler pingu, akamkalisha chini.

Henry alipiga simu askari walipowasili.

"Umewaokoa wengi," alisema. "Sasa sikiliza. Jioni redio itatangaza kwamba boila ilipasuka. Dereva alikuwa mzee, alizidisha mvuke. Wenzake Kessler walioko nje wasijue kwamba tunajua."

"Mzee yule hakuzidisha kitu."

"Najua, Mwanasha. Lakini hivyo ndivyo itakavyokuwa. Hata kwa mkewe."

Mwanasha aliiendesha Land Cruiser mpaka Nkuhungu bila kuwasha redio. Mama Loisi, mke wa Mzee Obedi, alikuwa barazani akichambua mlenda. Alimwona mgeni, kisha akatazama nyuma ya mgeni, barabarani, ambako hapakuwa na mtu.

"Shikamoo, mama."

Mama Loisi aliuweka ungo chini kwa uangalifu, asimwage jani hata moja.

"Sema."

Mwanasha alikaa chini, mkekani. Alisema yote: kazi yake halisi, ombi alilompelekea Mzee, baruti, tangi lililotangulia, mkono wa chuma. Alisema na yale ambayo redio ingetangaza, na kwamba ni uongo. Hakujitetea.

Mama Loisi alijifunika uso kwa khanga, akalia bila sauti, mabega yake tu yakitikisika. Alipoishusha khanga, macho yake yalikuwa mekundu lakini imara.

"Angeweza kuruka?"

"Angeweza."

"Na wewe wamekuruhusu kuniambia haya?"

"Hapana, mama."

Mama alitikisa kichwa polepole. "Denis ana mama yake, yuko Bahi. Nani amekwenda kwake?"

"Hakuna aliyekwenda."

"Basi inuka. Usiache redio ifike kabla yako."

Simu ililia mkobani, jina la Henry likimetameta kwenye kioo. Mwanasha aliitoa, akaizima, akaiweka mkekani pamoja na kitambulisho chake cha kazi. Alijikung'uta masizi, akapanda gari, akashika barabara ya Bahi.