Kadi ya Mama Pacha

Saa 3:20 asubuhi. Stoo ya mashuka machafu, nyuma ya wodi.

"Sirudii," Nyundo alisema. "Nakala za faili ziko hospitali tano. Ukifuta moja, nne zinapiga kelele. Kwa hiyo hatufuti. Tunaongeza."

"Marekebisho," Panya, fundi wao wa kompyuta, alidakia. "Yakiingia hayatoki. Yanataka kadi ya atakayebeba lawama, na kidole cha aliyeandika mwanzo."

Kidole kilikuwa cha Sista, nesi, mdogo wake Nyundo. Wiki tatu nyuma alimdunga mama wa kitanda namba sita dozi mara kumi ya ile aliyoandikiwa. Mama akafa amemshika mkono. Tangu hapo Sista hali, halali, akifumba macho anamsikia, "Mwanangu, kifua." Na wakaguzi wangefungua faili saa tano.

Kadi ilikuwa ya Mama Pacha, nesi mwenzake. Maskini wa Mungu, kosa lake ni kwamba siku ile alikuwa zamu.

"Ana watoto wawili, kaka."

"Na mimi nina mdogo mmoja. Unataka kufungwa?"

Sista akatangulia wodini.

Saa 4:00. Manesi walikwenda chai.

Manesi wa wodi ile, jamani! Wa kwanza kufika anachomeka kadi kwenye kompyuta, wote wanaitumia, haitoki mpaka zamu iishe. Leo wa kwanza alikuwa Mama Pacha. Panya akaketi. Nyundo akasimama mlangoni, koti jeupe la wizi, bastola ndani yake.

Saa 4:06.

"Tayari. Kidole."

Sista alisoma kioo cha kompyuta: *Dozi ilitolewa na mwenye kadi hii.* Nyuma yao, kwenye kitanda namba sita, kitupu, mtu akakohoa. Panya aligeuka. Haki ya Mungu, hata yeye alisikia.

Sista akamsukuma Panya, akafuta sentensi, akaandika yake. *Nilikosea mimi, mwenye kidole hiki, si mwenye kadi. Mara kumi. Aliniita, nikachelewa.* Akabonyeza kidole.

"Umeandika nini wewe? Panya, futa!"

"Nakala zimeshaondoka, bosi. Zote tano."

Nyundo akamwelekezea mdogo wake bastola. Viatu vikasikika kwenye korido, na wanaume wawili wakaruka dirishani bila kwaheri.

Mama Pacha akaingia na vikombe viwili.

"Mwenzangu, hukuja chai, nimekuletea. He! Mbona unalia?"

Sista akachomoa kadi, akamrudishia.

"Kaa kwanza, dada. Nilikuwa nakuuza."