Ndoo za Siri kwenye Kitalu cha Lusini

Kiangazi kile, kila asubuhi Kulyash aliamshwa na mlio wa maziwa yakigonga ndoo ya bati. Bibi yake alikuwa amekwisha kuanza kukamua. Kulyash alikunywa chai ya maziwa, akatia kipande cha mkate mfukoni, akashika njia ya kwenda shamba la shule, pembeni mwa kijiji chao katika nyika ya Kazakhstan. Hata alipokuwa mtu mzima, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa ilimrudisha kwenye njia ile.

Huko Mwalimu Sabyr alikuwa amepanda vitalu vitatu vya majani ya mifugo ya jamii ya kunde. Wanafunzi watatu waligawana vitalu hivyo: Torgyn alitunza meliloti, Dauren esparseti, na Kulyash lusini. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna kumwagilia. Kijiji kilitaka kujua ni jani lipi litakalostahimili ukame na kutoa malisho mengi.

Mbegu za lusini zilitoka katika mfuko wa kitambaa ulioachwa na marehemu babu yake Kulyash. Mvua ilipokatika wiki tano, majani yake yakaanza kujikunja.

“We Kulyash, hayo ni majani au ndevu za mbuzi?” Dauren alimtania.

“Cheka tu! Tutaonana kwenye mizani!”

Kuanzia kesho yake Kulyash alifika shambani kabla ya wenzake, akachota maji kisimani, ndoo mbili kila siku. Mikono ilimtoka malengelenge, lakini lusini ikasimama, mbichi kabisa.

Siku ya kukata, lusini ilipata kilo kumi na nane, esparseti kumi na nne, meliloti kumi na moja.

“Basi mwakani kijiji kizima tupande lusini kwenye mlima ule wa nyuma ya kijiji,” alisema Mwalimu Sabyr kwa furaha. Bibi, aliyekuja kushuhudia, alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Kulyash akautazama ule mlima mkavu. Nani angebeba ndoo hadi kule? Na majani yasipoota, ng'ombe wangekula nini miezi yote ya theluji? Akamgeukia Mwalimu.

“Mwalimu... mimi niliimwagilia.”

Dauren akafungua kinywa kutaka kucheka, akamwona Bibi, akakifunga.

“Kwa siku ngapi?” Mwalimu aliuliza.

“Ishirini na moja.”

Mwalimu alizikata hesabu zote kwa mstari mmoja daftarini, polepole. “Tutarudia mwakani,” alisema. “Nawe utakitunza kitalu kile kile.”

Walirudia, na safari hii hakuna aliyegusa ndoo. Esparseti ilishinda, lusini ikawa ya pili. Mlima ukapandwa esparseti, na kila mwezi wa Juni ukawa rangi ya waridi tupu kwa maua. Kulyash aliukumbuka hivyo maisha yake yote.

Jioni ya ushindi ule wa Dauren, Kulyash alimwuliza Bibi kama Babu angeona aibu kwa kuwa mbegu zake zimeshindwa.

“Aibu ya nini, mwanangu?” Bibi alimvuta karibu. “Babu yako alihifadhi mbegu ili ng'ombe washibe, si ili yeye asifiwe. Ungenyamaza, kijiji kingelala njaa kwa ajili ya jina lake. Ukipenda kitu, kisemee ukweli, hata ukweli wenyewe ukikuuma.”