Mama Mkwe na Dirisha Lililofungwa

Mama mkwe wangu, Abezash, alipokuja kumtunza mke wangu Tirunesh baada ya kujifungua, mimi niligeuka mgeni nyumbani mwangu. Hata dirisha nilikatazwa kufungua. Katika kanisa letu mtoto wa kike hubatizwa siku ya themanini, na mama mkwe alishasema kabla ya hapo mtoto hatoki nje. Upepo utampata. Jicho baya litampata. Nampenda sana mama huyu, lakini akishika jambo, ndiyo basi.

Wageni waliruhusiwa. Walikuja kila siku kula uji mzito wa siagi na kunywa kahawa. Baridi ilikuwa kali, na nusu yao walikuwa wanakohoa.

Wiki ya sita alikuja Tsige, mhudumu wa afya wa kijiji. Aliuliza mbona mtoto hajapelekwa kuchanjwa. Mama mkwe akammiminia kahawa, akamjibu kwa upole asubiri ubatizo.

Niliingiwa na hofu. Mtoto wetu wa kwanza aliugua nimonia akiwa mchanga. Mbavu zilikuwa zinabonyea kila akivuta pumzi. Alipona, lakini nusura tumpoteze. Nikamwomba Tsige amweleze pale pale kwa nini chanjo isisubiri.

"Mama, unamkinga na nini?" Tsige akauliza.

"Na vya nje."

"Vijidudu vya nimonia hukaa puani na kooni mwa watu, hata wasioumwa. Mtu akikohoa, vinamfikia mtoto. Vinaweza kuleta hata homa ya uti wa mgongo. Umefunga dirisha, mama, lakini vinaingia na wageni."

Mama mkwe akamtazama jirani aliyekuwa akikohoa kando ya jiko. Jirani akainamia kikombe chake.

Tsige akasema chanjo ya vijidudu hivyo haizuii kila kikohozi, ila inamkinga mtoto na nimonia ile kali. Hutolewa wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Homa kidogo ikija, itapita.

Mama mkwe akachukua shuka lake. Kisha akaniambia, "Mwanangu, lete mwavuli, jicho baya lisimwone."

Alimbeba mjukuu ndani ya shuka lake mpaka zahanati, mimi nyuma nikihangaika na mwavuli. Mtoto alipochomwa sindano alilia. Bibi yake alilia zaidi.

Siku ya ubatizo, mtoto alikuwa ameshapata chanjo ya pili. Maji baridi yalipomgusa, alipiga kelele kanisa zima likageuka. Kasisi akacheka, akasema huyu ana mapafu mazima.

"Nilimpeleka mimi mwenyewe," mama mkwe akajibu. "Na ya tatu nitampeleka."