Bonde la Upande wa Ukutani

Duka la sabuni sokoni lilifurika watu kama kwamba vitu vinagawiwa bure. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tena, na maji yakikatika mji mzima hukimbilia kununua ndoo, utadhani ndoo huzaa maji. Wakubwa wa maji walitangaza redioni kwamba wananchi wawe wavumilivu. Wao wana matangi. Katikati ya msukumano huo, mwanamume mwenye shati lililotobolewa na cheche, fundi wa kuchomelea vitanda vya chuma, alikuwa akiagiza mfuko mkubwa wa sabuni ya unga na brashi ngumu.

"Fundi, unafua mapazia ya ukumbi?" muuza duka alimuuliza.

"Godoro. Nalimwagia maji, nalisugua, naliacha lijikaushe."

"Baba," sauti ya kike ikasema nyuma ya bega lake, "hilo godoro unataka kulisafisha au kulizamisha?"

Watu wakacheka. Fundi akageuka tayari kutukana, maana tangu afiwe na mkewe ulimi wake ulikuwa hauna breki. Tusi likamwishia kooni. Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo, gauni la bluu lenye maua meupe limekazwa kiunoni kwa mkanda, glavu za mpira za manjano zikining'inia kwenye mkanda huo, na macho ya mtu aliyeingia vyumba vingi vya watu akatoka na mdomo umefungwa.

"Na wewe nani, daktari wa magodoro?"

"Wananiita Mama Magadi. Nasafisha magodoro na makochi majumbani. Sponji ikinywa maji, baba, haitemi. Juu litakauka, ndani litaoza. Utakuja kulala juu ya uyoga."

"Uyoga ni chakula."

"Basi karibu mezani," alisema, akampokonya ile brashi na kuirudisha kwenye rafu.

Jumamosi asubuhi, kama walivyoelewana dukani, Mama Magadi alikuwa mlangoni kwa fundi na kapu lake. Fundi aliona haya. Godoro lilikuwa na ramani ya ugonjwa: jasho la miezi mingi, dawa iliyomwagika, chai iliyokataliwa. Mkewe aliugulia hapo kwa sababu hospitali walimwambia vitanda vimejaa, na siku kitanda kilipopatikana, dawa zilikuwa hazipo, na siku dawa zilipofika, mama wa watu alikwisha kwenda zake. Mganga mkuu alisaini cheti cha kifo, akaenda kula. Hayo fundi hakumwambia mgeni. Alisema tu, "Lilikuwa la mgonjwa."

"Nimeona," Mama Magadi alijibu taratibu.

Alivua shuka, akalipiga godoro kwa kiganja hadi vumbi likacheza kwenye mwanga wa dirisha. Akachekecha magadi ya kupikia juu yake, meupe kama unga wa mandazi, akayaacha yanywe harufu. Kisha akayapangusa yote, na madoa akayafuata moja moja kwa kitambaa kilichokamuliwa, chenye siki kidogo na sabuni ya maji, akigonga badala ya kusugua. Fundi alisimama mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Ilikuwa zamani tangu mkono wa mwanamke uguse kitu chake kwa upole.

"Wewe nyumbani unalalia la namna gani?" aliuliza, ili aseme chochote.

"Mimi? Kagodoro ka mtu mmoja, kwa mdogo wangu. Mume wangu alipooa mwingine, kile kitanda kikubwa alikwenda nacho." Akacheka. "Fundi wa magodoro ndiye mwenye godoro bovu. Na wewe fundi wa vitanda?"

"Kitanda kizima. Mwenye kulala ndiye nusu."

Mama Magadi aliinamisha uso, akagonga doa ambalo tayari lilikuwa limetoka.

Simu zikaanza kwa kisingizio.

"Godoro limeamkaje leo?"

"Limeamka. Linasema halijasikia sauti yako tangu jana."

"Mwongo we! Umelitandika mara tu ulipoamka, sivyo?"

"Nimelitandika."

"Liache wazi kwanza, lipumue. Fungua dirisha. Nyinyi wanaume mnafunika kila kitu."

"Na likishapumua?"

"Likishapumua litandike, uende kazini, uniache na mimi nifanye kazi, kipenzi."

Lile neno la mwisho lilimponyoka. Siku hiyo fundi alichomelea mguu wa kitanda kichwa chini miguu juu, vijana wa karakana wakamcheka hadi jioni.

Mapenzi ya watu wazima hayana kelele, ila yana haraka. Haikupita muda, Mama Magadi akawa anajua ufunguo unafichwa wapi. Ndipo akafanya kile ambacho mtu wa kazi yake hukifanya bila kuuliza. Fundi alikuwa amekwenda kupeleka vitanda kwa mteja. Yeye akaingia, akaona godoro lina mabonde mawili: moja upande wa mlangoni, la fundi, na jingine upande wa ukutani, jembamba, halilaliwi na mtu. Godoro lililobonyea hugeuzwa. Akalivuta, akalisimamisha, jasho likamtoka. Akalilaza chini juu, na upande wa kichwani akaupeleka miguuni. Akatandika shuka safi, akapika, akakaa kumngoja kama bibi harusi.

Fundi aliingia akinukia moshi wa chuma, akitabasamu. Akaona kitanda kimenyooka. Akapeleka mkono upande wa ukutani, mahali ambapo kila asubuhi kiganja chake kilikuwa kikipumzika, mahali pa bega la marehemu. Palikuwa tambarare.

"Nani amekutuma?"

"Nimeligeuza tu, baba. Lilikuwa limebonyea."

"Nimekuuliza nani amekutuma! Mji huu kila aliyepata ufunguo anajiona mkubwa! Mnaingia, mnachukua, mnasema ni kwa faida yetu! Ulijua pale palikuwa na nani?"

Mama Magadi alisimama. Glavu zilikuwa mezani, alizichukua polepole.

"Hukuniambia. Ungeniambia, ningepita pembeni ya bonde hilo kama napita msibani. Lakini mimi nasafisha magodoro, fundi. Ulinzi wa makaburi sijasomea."

Akatoka. Chakula kikapoa na sufuria yake.

Tangu hapo simu ikawa jiwe. Fundi alilala mkekani, kiburi kikiwa mto. Siku moja asubuhi alilirudisha godoro mwenyewe kama lilivyokuwa, akihema, na kwa mara ya kwanza akalala upande wa ukutani, ndani ya lile bonde. Alifumba macho amngoje marehemu. Hakuja. Palinuka jua na siki. Na alipotega sikio vizuri, alijikuta hasikilizi pumzi ya aliyekufa. Anasikiliza simu iliyoko dirishani kama itaita. Aibu ikampanda, kisha hamu, kali kuliko aibu.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, aliyeolewa mtaa wa pili.

"Baba, ni kweli umemfukuza yule mama kwa ajili ya shimo?"

"Si shimo. Pale ni mahali pa mama yako."

"Mama yangu? Baba, mama alilichukia lile shimo! Alikuwa akiamka ameshika kiuno. 'Mwambie baba yako tuligeuze godoro.' Kila wiki. Na wewe kila wiki 'kesho, kesho'. Umesahau?"

"Sijasahau," fundi alisema. Alikuwa ameyafunika tu.

"Basi kama hujasahau, fanya upesi. Yule mama amepata kazi ya vyumba kwenye hoteli, mji mwingine. Anasafiri kesho. Leo anamalizia kazi kwenye lile gorofa la kijani, karibu na stendi."

Hakuvaa hata shati jingine. Alipofika juu ya paa la gorofa, pumzi zimemwisha, magodoro ya wapangaji yalikuwa yamesimamishwa ukingoni kuanikwa, na wingu jeusi lilikuwa limekwisha fika juu ya mji. Mama Magadi alikuwa akihangaika na godoro kubwa peke yake, upepo ukilipiga kama tanga. Fundi akashika upande wa pili.

"Nani amekutuma?" aliuliza yule mama bila kumtazama.

"Hakuna. Vuta kwako."

Walibeba moja baada ya jingine hadi kwenye ngazi, mvua ikianza kudondoka matone mazito. La mwisho lilipoingia, wote wawili walikuwa wamelowa, gauni la bluu limemganda mwilini, matundu ya cheche kwenye shati la fundi yakivuja maji. Wakakaa ngazini.

"Niliwalaumu wakubwa kwa kutoa amri bila kueleza," fundi alisema. "Kumbe na mimi, nikipata mtu wa chini yangu, ni yule yule. Nisamehe. Kuhusu mama wa binti yangu sikukuambia kitu, na nilipaswa kukuambia yote."

"Niambie sasa."

Akamwambia, mvua ikipiga paa. Dawa, vitanda vilivyojaa, kiuno, zile kesho zake. Mama Magadi alisikiliza hadi mwisho, akamfuta uso kwa kona ya kilemba chake.

"Usiende," fundi alisema.

"Naenda. Kazi ya mwezi kwa mwezi, mpenzi wangu, siitupi kwa mwanamume aliyejua kuomba msamaha leo mchana."

"Huko unakokwenda watu wanalala chini?"

"Wanalala vitandani. Kwa nini?"

"Basi na fundi atahitajika. Nikikabidhi kazi niliyoanza, nakuja. Kama utanitaka. Nataka nikuoe, si kukutembelea."

Mama Magadi alizikamua glavu zake moja baada ya nyingine, hadi fundi akaanza kuhesabu ngazi za kushukia.

"Njoo na kitanda," alisema hatimaye. "Godoro nanunua mimi."

Kesho yake gari liliondoka stendi na uso wake dirishani, ukapungua, ukawa doa, ukaisha. Fundi alibaki amesimama hadi wapiga debe wakamsukuma. Njiani kurudi karakana mtaro ulikuwa umefurika kama kawaida, maji machafu hadi magotini, na akawatukana wakubwa wa mji mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayeimba.