Saa ya Mzee Nyamhanga

Haya yalimkuta rafiki yangu Mwikwabe, mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa. Alirudi mahame na dada yake Gati kutafuta ndama, akatumbukia kwenye shimo la zamani la dhahabu.

“Kaka, tulia! Naenda kuomba kamba!”

Gati alipoondoka, gizani kukasikika tik, tik, tik.

Kule kwetu saa, tena ya kuzamia majini, alikuwa nayo mtu mmoja tu, mzee Nyamhanga, aliyezamia mashimo yaliyojaa maji hadi akapotea miaka kadhaa kabla ya hapo. Haikutiwa ufunguo, ilitembea kwa mtikisiko wa mkono, na ikivuliwa, kesho yake ilikuwa imesimama.

“Shikamoo, mzee?” Mwikwabe akanong'ona.

Upande wa pili wa shimo mishale ya saa, iking'aa kijani, ikapanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mkono unaomwita mtu.