Siku Kayamba la Umazi Liliponyamaza

Umazi anaishi katika mji mkubwa wenye baridi. Katika mji huo, treni hupita chini ya ardhi.

Juu kuna barabara, maduka na miti. Chini kuna reli. Watu wanatembea juu, na treni zinapita chini ya miguu yao. Vuuuuu!

Mama yake Umazi hupiga kodiani. Kodiani ni kinanda cha kubeba kifuani. Ukikivuta, kinavuta pumzi. Ukikibana, kinaimba.

Mama hupiga kodiani kule chini, katika stesheni ya Soko la Maua. Huwapigia watu wanaongoja treni.

Si kila mtu anaruhusiwa kupiga muziki pale. Ni lazima uwe na kibali. Mama anacho. Ni kadi yenye picha yake, na huivaa shingoni.

Na leo, kwa mara ya kwanza, Umazi naye ana kibali! Ni kadi ndogo. Picha yake inacheka, na pengo la meno linaonekana.

Umazi atapiga kayamba. Bibi alimtumia kutoka Kaloleni. Limetengenezwa kwa mabua, na ndani mna mbegu. Ukilitikisa, linasema:
Chaka chaka, chaka chaka!

Juma zima Umazi alifanya mazoezi. Jikoni, chaka chaka. Kitandani, chaka chaka. Bafuni, chaka chaka, mpaka jirani akagonga ukuta: ko, ko, ko!

"Mama, twende," Umazi akasema.
"Maliza uji kwanza."
"Nimemaliza."
"Vaa soksi."
"Nimevaa."
"Na ya pili je?"
Umazi akavaa soksi ya pili.

Wakafika stesheni. Wakashuka kwa ngazi za umeme. Chini, chini, chini kabisa.

Sakafuni pamechorwa nusu duara la rangi ya manjano. Hapo ndipo mahali pa wanamuziki. Mwenye zamu husimama ndani yake. Zamu yake ikiisha, humpisha mwenzake.

Mama akasimama ndani ya nusu duara. Umazi naye akasimama. Akaangalia viatu vyake. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mstari wa manjano.

"Tayari?" Mama akauliza.
"Tayari!"
"Haya. Moja, mbili..."

"Samahani," sauti ikasema.

Karibu yao palikuwa na benchi. Mzee mmoja alikuwa amekaa hapo. Alivaa koti refu jeusi. Kofia yake ilikuwa mapajani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Samahani, mama," mzee akasema. Aliongea lugha ya mji ule. Umazi aliijua, maana ndiyo lugha ya shuleni kwake. "Naomba msipige. Leo siwezi kusikia muziki. Tafadhali."

Mama akamtazama. Kisha akafunga kodiani yake pole pole.
"Sawa, mzee wangu," akasema. "Hatupigi."

Umazi akaduwaa. Akamvuta Mama mkono.
"Mama! Ni zamu yetu! Tuna kibali!"
"Ndiyo, tunacho."
"Na changu ni kipya!"

Mama akachuchumaa mbele yake. "Kibali kinasema tunaruhusiwa kupiga, mwanangu. Hakisemi ni lazima tupige."

"Kwa nini asiende yeye?" Umazi akanong'ona. "Treni ziko nyingi."
"Huenda miguu yake bado haina nguvu ya kwenda," Mama akasema.

Umazi akakunja uso. Juma zima la mazoezi! Jikoni na kitandani na bafuni!

Vuuuuu! Treni ikaja.
Shhhh. Milango ikafunguka.
Watu wakashuka. Watu wakapanda.
Milango ikafungwa. Vuuuuu!
Mzee hakupanda.

Mama akaenda kukaa kwenye benchi, kando ya mzee. Alikaa tu.

Umazi akabaki peke yake kwenye nusu duara. Watu walipita kulia. Watu walipita kushoto. Akachoka kusimama. Akaenda kwenye benchi, akakaa pembeni kabisa.

Alipokaa, kayamba likalia. Cha!
Mzee akashtuka.

Umazi akalikumbatia haraka.
"Nyamaza, kayamba," akanong'ona. "Nyamaza kidogo."

Lakini si rahisi kayamba kunyamaza. Ukigeuka, linasema cha. Ukijikuna, linasema chaka. Pua ya Umazi ilimwasha. Hakujikuna.
"Nyamaza, kayamba. Nyamaza kidogo."

Vuuuuu! Treni ikaja.
Shhhh. Milango ikafunguka.
Watu wakashuka. Watu wakapanda.
Mzee akainuka kidogo. Akakaa tena.
Milango ikafungwa. Vuuuuu!
Mzee hakupanda.

Chozi likadondoka juu ya kofia yake. Halafu jingine.

Umazi alikuwa hajawahi kumwona mzee akilia. Alidhani watu wakizeeka, machozi huisha.

"Babu," akauliza pole pole, "unaumwa?"

"Siumwi, binti," mzee akajibu. "Dada yangu amefariki leo asubuhi. Natoka hospitali."

Umazi alilijua neno hilo. Mtu akifariki, harudi tena.
"Pole, Babu," akasema. "Pole sana."
"Ahsante."

"Anaitwa nani?"
Mzee akapangusa macho. Kisha akasema, "Rosina."
"Rosina," Umazi akarudia taratibu, asije akakosea.

"Tuliishi pamoja," mzee akasema. "Mimi napika, yeye anaosha vyombo. Yeye anafungua mapazia, mimi nayafunga. Sasa nyumbani hakuna mtu. Kila treni ikija, nasema, hii nitapanda. Lakini miguu inakataa."

Umazi akasogea kidogo. Akasogea tena kidogo. Mpaka bega lake likagusa lile koti jeusi.

Na kayamba halikulia.

Vuuuuu! Treni ikaja.
Shhhh. Milango ikafunguka.
Watu wakashuka. Watu wakapanda.
Milango ikafungwa. Vuuuuu!
Mzee hakupanda. Umazi naye hakukunja uso tena.

Wakakaa hivyo, wote watatu. Mama, mzee na Umazi. Treni zikaja, treni zikaenda.

Kisha viatu vikasikika. Ka, ka, ka, ka! Alikuwa Bi Marta. Bi Marta hupiga fidla, na zamu yake hufuata zamu ya Mama.

"Jamani, hamjambo? Zamu yangu imefika!" Bi Marta akasema. Akamwona mzee. Akaona macho yake. Akaiweka fidla yake chini pole pole.

Zamu yao ilikuwa imekwisha, na hawakupiga hata wimbo mmoja.

"Twende, Umazi," Mama akasema, na kuinuka.

Mzee akamgeukia Umazi. Ni kama ndiyo kwanza anamwona.
"Hicho ulichokikumbatia ni kitu gani?"
"Ni kayamba, Babu."
"Ulikuja kulipiga?"
"Ndiyo," Umazi akasema. "Leo ilikuwa mara yangu ya kwanza."

Mzee akaigeuza kofia yake, akaigeuza tena.

"Linaweza kulia pole pole?" akauliza. "Pole pole sana?"

Umazi akafikiri. Siku zote alilipiga kwa nguvu.
"Sijui," akasema. "Ngoja nijaribu."

Hakulitikisa. Aliliinamisha tu, upande mmoja, kama mtu anayemimina maji. Mbegu zikateremka ndani ya mabua.
Shaaaaa...

Akaliinamisha upande wa pili.
Shaaaaa...

Ilikuwa kama mvua ndogo juu ya majani. Mzee akafumba macho.
"Hiyo," akasema, "hiyo naweza kuisikia."

Mama akamtazama Bi Marta.
"Pigeni," Bi Marta akasema. "Mimi nitasubiri."

Mama akavaa kodiani yake. Akaivuta taratibu. Akaimba wimbo ambao Bibi humwimbia Umazi kwenye simu, kabla ya kulala:

Taa imezimwa, lala.
Mlango umefungwa, lala.
Uliye karibu, lala.
Uliye mbali, nawe lala.

Shaaaaa, likasema kayamba.
Shaaaaa.

"Maneno yake yanasemaje?" mzee akauliza.

Umazi akamweleza kwa lugha ya mji ule. Neno kwa neno. Taa. Mlango. Uliye karibu. Uliye mbali.

"Uliye mbali, nawe lala," mzee akarudia. Machozi yakamtoka tena, mengi.

Umazi akaacha kupiga. "Nimekuliza, Babu?"
"Hapana, mjukuu wangu," mzee akasema. "Nilikuwa na machozi hata kabla yako. Usiache. Piga."

Umazi akapiga.
Shaaaaa.
Shaaaaa.

Vuuuuu! Treni ikaja.
Shhhh. Milango ikafunguka.
Watu wakashuka. Watu wakapanda.

Mzee akavaa kofia yake. Akasimama. Miguu ilitetemeka, lakini ilikwenda. Mguu mmoja. Mguu wa pili. Mguu mmoja. Mguu wa pili.

Mzee akapanda.

Milango ikafungwa. Mzee akageuka, akaweka kiganja chake kwenye kioo cha mlango. Umazi akainua mkono wake juu, juu kabisa, ili auone.

Vuuuuu! Treni ikaondoka, na mzee ndani yake.

Benchi likabaki tupu. Bi Marta akatoa leso, akapenga kamasi. Pwiii!

"Haya, Umazi," akasema. "Na ule wimbo mlioufanyia mazoezi?"
"Zamu yetu imekwisha, Bi Marta."
"Zamu hii ni yangu. Wewe kibali unacho?"
Umazi akamwonyesha. Bi Marta akaitazama picha, akalitazama pengo la meno.
"Ni wewe kweli," akasema. "Basi ingia."

Umazi akaingia kwenye nusu duara. Fidla kulia, kodiani kushoto, na yeye katikati.

Mama akahesabu. "Moja, mbili, tatu!"
Chaka chaka, chaka chaka!
Chaka chaka, chaka chaka!

Mtoto mchanga ndani ya kigari akarusha miguu. Mama mmoja mwenye vikapu akatingisha mabega. Msafisha sakafu akacheza na ufagio wake, akazunguka nao mara moja, kisha akaendelea kufagia.
Chaka chaka, chaka chaka!

Jioni, Umazi na Mama walirudi nyumbani. Walikula wali na maharage. Umazi akanawa uso, akapiga mswaki kwa uangalifu penye pengo.

Akapanda kitandani. Mama akamfunika blanketi mpaka kidevuni.

"Mama," Umazi akasema, "yule Babu amefika kwake?"
"Bila shaka amefika. Treni ile inapita kwao."
"Amefunga mapazia?"
"Nadhani ameyafunga."
"Analia?"
"Huenda analia."

Umazi akawaza. "Kesho ataacha?"
"Sijui, mwanangu," Mama akasema. "Huenda kesho atalia kidogo. Na keshokutwa kidogo kuliko kesho. Halafu siku moja atapika chakula kingi, amwite jirani wale pamoja."

"Na vyombo?"
"Jirani ataosha."

Umazi akatabasamu gizani. Kisha akajisogeza ukutani, akaacha nafasi kitandani.
"Usiende bado, Mama. Kaa kidogo."

Mama alikuwa na vyombo vya kuosha jikoni. Alikuwa na nguo za kukunja.

Mama akavua ndara zake, akapanda kitandani, akalala kando ya Umazi.

Nje kulikuwa na baridi. Mbali, chini ya ardhi, treni za mwisho zilikuwa zinawarudisha watu makwao. Vuuuuu... vuuuuu...

Na Umazi akalala.